Vyote Vimefika

Mahfudha wa Kibokoni hana subira na mtu anayesema kazi imekwisha na bado haijakwisha. Kazi yake mwenyewe ni kuhamisha modeli za mitambo kutoka programu moja ya kompyuta hadi nyingine. Modeli ni mchoro tu: pampu hapa, tangi pale, na mistari ya kuonyesha nani anamtegemea nani. Programu zenyewe zina inda kama wake wenza. Cha huyu, yule hakitaki.

Alhamisi moja alihamisha modeli ya pampu za kuzimia moto za hoteli. Sehemu zote zilifika salama. Mistari ndiyo iliyopukutika njiani, na kuiunga upya kulitaka juma zima. Alimwomba mkubwa wake, Bwana Jefwa, juma hilo, lakini yeye alitazama kioo cha kompyuta akafurahi.

"Si vyote vimefika? Itume kesho, Bi Mahfudha, na utie jina lako."

Jina lake! Mtu abadilishe tangi huko, pampu isiwe na habari, hoteli iungue, na Mji wa Kale wote useme ni kazi ya Mahfudha. Alikasirika hata chai ikampalia. Lakini kubishana na Bwana Jefwa ni kumpigia mbuzi gitaa, basi alimeza hasira, akatabasamu, akamwalika biriani ya Ijumaa.

Bwana Jefwa alikuja na njaa yake yote. Asubuhi hakutia kitu mdomoni, makusudi. Sinia likaletwa, kawa likafunuliwa. Mchele mkavu. Nyama mbichi. Vitunguu na maganda yake, mtindi bakulini, zafarani ndani ya kijikaratasi.

"Bi Mahfudha, hii nini?"

"Biriani. Karibu, usione haya. Tazama mwenyewe, vyote vimefika."

Bwana Jefwa alilitazama sinia, akamtazama mwenyeji wake, kisha akacheka hadi akajishika mbavu. "Haya, umenishinda. Chukua hilo juma lako." Akasimama, akalifunika sinia, akalibeba. "Na hii naenda nayo. Mke wangu Nyevu ataunga mistari."

Mahfudha alibaki mlangoni akichekelea ushindi, mpaka mama yake, Bi Mwanarusi, alipotokea jikoni na sufuria tupu mkononi.

"Jina lako limesalimika, mwanangu," alisema. "Na matumbo yetu je?"