Mama wa Udongo Mbichi

Kila ninapohama, kitu cha kwanza kufunga ni sanduku la bati lenye wanyama wangu wa udongo. Nimewaviringishia vipande vya fulana kuukuu: fahali wa mapigano niliyemnunua huko Shieywe kwa mzee aliyeuza nyungu kando ya ua wa kanisa, kuku na vifaranga wake kutoka Lumakanda, na kondoo anayefanana na mbwa. Nilipomwambia mwenye kumuuza kwamba huyu ni mbwa, alinijibu, "Basi mpeleke nyumbani akulinde." Nilimnunua kwa sababu ya jibu hilo.

Niliacha shule darasa la saba, mama alipokufa. Tangu hapo nimekata miwa, nimepakia mahindi, nimelinda maghala, na sijakaa nyumba moja miaka miwili. Picha ya mama sina.

Siku moja sokoni Mautuma, mwanamke mmoja mfinyanzi alinitazama zaidi kuliko nilivyozitazama nyungu zake.

"Wewe si mtoto wa yule wa kuinamisha kichwa?"

Mama alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto. Ukimsemesha, aliinamisha kichwa kukutegea lile zima. Kumbe yeye na mama walichimba udongo pamoja mtoni kabla sijazaliwa. Nikamwomba anifinyangie mama.

"Mtu sifinyangangi."

"Huyu mmoja tu, mama."

Alijifuta mikono, akasema, "Haya. Lakini usimpeleke motoni. Mtu hachomwi, baba. Moto ni wa nyungu."

Wiki iliyofuata nilimkuta tayari, urefu wa kiganja, kichwa kimeinama. Nililipa, nikatembea hatua chache, nikakaa chini kwenye nyasi. Alikuwa yeye.

Lakini udongo mbichi huisha. Kila jioni nilimtoa sandukuni na kumpapasa shavu, na kila mara kidole gumba kilibaki na rangi ya kahawia. Nikajikataza kumgusa. Hata hivyo, nikifungua kitambaa nilikuta vumbi jipya, hata baada ya siku ambazo sikulifungua sanduku kabisa. Pua ikafifia. Mdomo ukabaki mkwaruzo. Nilimwona mama akiondoka mara ya pili, polepole, ndani ya fulana yangu.

Mwaka wa pili nilipata kazi kwa wachoma matofali huko Lugari. Nikawaomba wamtie tanurini.

"Huyu ni nani unatuletea?"

"Mama yangu."

Wakacheka. Halafu mmoja akaacha kucheka. "Mweke mwenyewe. Mimi mkono wangu siutii hapo."

Nilimweka mwenyewe, katikati ya matofali, uso juu. Tanuri lilipopoa nilikuta vipande, kikubwa kuliko vyote kikiwa bega.

Nilimpelekea mfinyanzi vile vipande. Sasa macho yake yalikuwa na ukungu. Alivitambua kwa vidole. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba udongo wa nyungu huchanganywa na vigae vilivyopondwa ili uvumilie moto, na ule wa mama hakuuchanganya na kitu, kwa kuwa hakuufinyanga kwa ajili ya moto.

"Nifinyangie mwingine," nikasema.

Akachota udongo kwenye ndoo, akaukanda. "Uso wake umenitoka, baba. Uzee huu. Wewe sema, mimi nitafuata. Alikuwaje?"

Nikaanza kwa furaha. Paji pana. Mashavu yamebonyea kidogo. Mdomo mwembamba, kama umechorwa kwa kijiti.

Vidole vyake vikasimama.

"Hiyo ni kazi yangu unanisimulia. Hicho kijiti ni changu. Mimi nakuuliza mama yako."

Nilifumba macho nikamtafuta. Nilimtafuta jikoni akisonga obusuma, ugali wa kwetu, nikamtafuta shambani, nikamtafuta kwenye kitanda cha hospitali. Kila mahali alikuwepo, amenipa mgongo. Nilipomwita akageuka, kichwa kimeinama, na uso ulikuwa wa udongo, pua imeshafifia.

Mfinyanzi aliningoja mpaka udongo ukaanza kumkaukia mikononi.