Maji Yalipochafuka Mikononi Mwangu

"Umeyafanyia nini haya maji?" Niliulizwa hivyo nikiwa na miaka tisa, mbele ya watu na ng'ombe. Hulikumbuka swali hilo kila nikipita maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Kitengela, pale wanapoanika mipira ya maji juani na harufu ya plastiki iliyopata moto inakukaa kooni.

Tulikuwa kwenye kisima cha pampu ya mkono, upande wa Kajiado, kiangazi kile ambacho ng'ombe walikula maboksi ya dukani. Ukishusha mpini, maji yalisukumwa, ukiupandisha, yalilegea. Bomba la chuma lilikuwa limepasuka penye kona, na baba akaunga hapo kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, akakifunga kwa tyubu ya baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kushikilia kiungo hicho kisichomoke.

Kisima kilikuwa na sheria moja: aliyechafua maji, mifugo yake ilikunywa mwisho. Mimi nilikuwa na ndama mmoja, Mugie, mwekundu, niliyepewa na nyanya. Alikuwa na siku mbili bila maji. Baba mdogo Lemayian, aliyeshika mpini, alikuwa na ng'ombe kumi na wanane.

Nilitazama ndani ya mpira kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama. Mpini ukishuka kwa nguvu, mstari mwembamba wa udongo uliokuwa ndani ya maji ulinyooka kama uzi. Mpini ukilegea, uzi ulijisokota kama kamba, kisha ukakatika na kuwa wingu. Baadaye baba mdogo alianza kuhema. Akawa anasukuma kwa nguvu, anaachia katikati, anasukuma tena. Kila alipoachia, wingu liliinua tope lote lililolala kwenye bomba, hadi maji ya birika la kunyweshea mifugo yakawa na rangi ya chai. Ng'ombe wa mbele alinusa, akageuza kichwa.

Baba mdogo alinitazama kwanza. Halafu akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Tangu asubuhi anachezea mpira."

"Umeyafanyia nini haya maji?" baba akauliza.

"Sijayagusa. Yanachafuka yakipunguza mwendo. Baba mdogo akiachia, yanajisokota."

Watu walicheka sana. "Kumbe maji yanachoka kutembea," mmoja akasema. "Mwalimu, yafundishe basi," akaongeza mwingine. Baba hakucheka. Alimshika Mugie sikio, akamvuta hadi mwisho wa foleni.

Zamu yake ilipofika, pampu ilikuwa inatoa hewa tu. Alilamba chuma cha birika mpaka tukamwondoa. Alianguka njiani, kabla hatujafika nyumbani, na hakuinuka tena. Nilitaka kumfunika kwa shuka langu, lakini baba mdogo alitoa kisu na kunipa mguu wa nyuma niushike wakati anachuna. "Shika vizuri," akasema. "Si kushika ndiyo kazi yako?"

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa kukosa maneno ya wakubwa. Ndiyo maana, nadhani, nilisomea mambo ya maji. Chuo kikuu, kwenye bomba la kioo lenye rangi ndani, niliuona tena ule uzi ukijisokota. Mhadhiri akaeleza kwamba mtiririko unaosukumwa kwa mapigo huvurugika zaidi pale kasi inaposhuka, hasa ukikuta kona au kiungo kibovu. Nilitoka darasani kabla ya wengine, nikampigia baba simu, nikamweleza yote bila kuvuta pumzi, kama mtu aliyeshinda kesi.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo tulikuwa tunajua," akasema. "Kila mtu aliyewahi kushika ule mpini anajua. Ukiachia katikati, maji yanachafuka."