Muuguzi Aliyekwenda Zuzu Kusema Alikuwepo

Binti wa jirani yangu alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa naandika safu nyingine kabisa. Alisema mama ameanguka jikoni, wamemkimbiza hospitali, presha ilikuwa juu mno, na hakuzinduka. Nilimpa pole kwa maneno yale tunayoyajua sote, nikaweka simu mezani, nikashindwa kukaa. Tangu siku hiyo naandika sentensi moja, nasimama, naenda dirishani, narudi. Marehemu tuliishi naye hapa Ipagala, muuguzi, mzaliwa wa Mlali. Hakuwahi kuugua corona, lakini sijamwona mtu aliyeumwa nayo kwa muda mrefu kama yeye.

Siku zile tulipokuwa tukiuita ugonjwa ule changamoto ya kupumua, na kila nyumba inanuka majani ya kujifukiza nyungu, yeye alikuwa kwenye wodi ya watu wanaotafuta pumzi. Akitoka kazini haingii kwake. Alilala chumba cha uani, chakula akiwekewa mlangoni, watoto wakimsalimia kupitia dirishani. Kisha ugonjwa ukapungua, ofisi zikajaa, vyuo vikafunguliwa, tukarudi kupeana mikono. Yeye alirudi ndani ya nyumba lakini hakutulia. Akiingia sebuleni kwa mtu hufungua madirisha kwanza, hata vumbi letu la Dodoma likiwa linavuma. Kanisani alikaa karibu na mlango. Siku moja nilimsindikiza kwa fundi wa kuchomelea kuangalia geti lake, na vijana wa pale wakawa wanaviringisha mtungi wa gesi kwenye sakafu ya saruji. Nilipogeuka, hayupo. Nilimkuta kando ya barabara amechuchumaa, amejiziba mdomo kwa kanga. Alipoweza kusema, alinieleza kwamba wodini walikuwa wakiusikia mlio ule koridoni, na wagonjwa wote wanageuza shingo mlangoni, kila mmoja akidhani mtungi wa oksijeni unaokuja ni wake.

Miezi kadhaa baadaye aliniomba nimpeleke Zuzu, nje ya mji, kwa gari langu. Njiani alinisimulia habari ya mfugaji mmoja wa huko aliyefia mikononi mwake. Familia ilikabidhiwa jeneza lililofungwa, waliozika ni watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na hakuna ndugu aliyeuona uso. Kanisani alikuwa amesikia kwamba mjane mpaka leo hakubali kuwa mumewe yumo kaburini. Amewakataza watoto wasilijengee, na gari likisimama barabarani hutoka kutazama nani anashuka. Kwa miaka jirani yangu alikuwa akijiuliza aende au asiende. “Wakinifukuza, utanirudisha nyumbani,” aliniambia.

Mjane tulimkuta uani akipepeta mtama. Tukamwamkia, akaitikia, akatuletea vigoda. Jirani yangu hakukaa.

“Mama, mimi ni muuguzi,” alisema. “Baba alipofariki, nilikuwepo.”

Yule mama aliweka ungo chini. Hakulia. Alimwuliza kwa Kiswahili chake cha polepole, “Huyo wako alikuwa na jino gani limevunjika?”

“La juu, upande wa kushoto. Alisema alipigwa na pembe ya ng’ombe.”

“Alikuwa peke yake?”

“Hapana, nilimshika mkono. Aliniuliza kama mvua imenyesha huku, nikamjibu imenyesha.”

“Ulijuaje?”

“Sikujua, mama. Nilisema tu, ili atulie.”

Mjane akainamisha kichwa. “Ilinyesha,” alisema. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, na aliyekwenda kumfariji akalia kumzidi, wakashikana pale juu ya mtama uliomwagika. Mimi nilitoka nje, nikawa natembea huku na huku kando ya gari.

Kaburi la yule mfugaji lilijengwa kabla ya masika. Binti wa jirani yangu aliniambia kwamba wiki ile tuliyokwenda Zuzu mama yake alipata usingizi, kisha mahangaiko yakarudi, ila hayakuwa na nguvu kama zamani. Alianza kuzitembelea familia nyingine alizozikumbuka. Baadhi zilimpokea, moja ilimfungia mlango, naye akasema wana haki. Tulipomzika Mlali, mjane wa Zuzu alikuja na wanawe. Aliomba awe miongoni mwa wanawake wanaomwosha, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Kinachoninyima utulivu ni kwamba katika miaka yote ile watu walimwuliza muuguzi huyu kama aliambukizwa, wala hawakumwuliza aliona nini. Tulihesabu ugonjwa umekwisha, tukaendelea na shughuli. Kumbe tuna wafiwa ambao hawakuaga, wanafunzi waliokaa mabwenini wakiiogopa simu ya kutoka nyumbani, na wauguzi wanaovaa sare kila asubuhi huku bado wanausikia mlio wa mtungi koridoni. Wanakuja kazini, wanachangia harusi, wanacheka panapochekesha. Mmoja akifoka bila sababu tunasema ana kisirani, mwingine akizidisha pombe tunasema amejiachia, na yule anayejifungia ndani tunasema anaringa. Nililojifunza kwa jirani yangu ni kwamba kuna maumivu yanayomsubiri mtu aje aulize, na mtu huyo asipokuja hayaondoki.

Mtaani kwetu yupo dereva wa lori aliyekuwa akisafirisha mizigo hadi mpakani nyakati zile. Jana jioni nilimkuta amekaa ndani ya gari lake bovu, anasikiliza redio. Baada ya salamu nilimwuliza ilikuwaje kwake. Alinitazama kama anayehakikisha kwamba nimeuliza kweli, akazima redio, akanifungulia mlango wa upande wa pili.