Mchumba wa Mtandaoni Apimwa Godoroni

Siku ya kwanza muuza magodoro kumwona yule fundi cherehani, alianza kumwona nyayo. Alikuwa nyuma ya duka akivalisha godoro mfuko wa nailoni. Alipogeuka akakuta nyayo mbili zimetokeza kwenye ukingo wa godoro la futi tano kwa sita, soksi moja ya kahawia, nyingine nyeusi. Mwenye soksi alikuwa chali, mikono kifuani, macho kayafumba.

"Dada," akaita. "Dada, uko salama?"

"Niache kidogo, kaka. Nausikiliza mgongo."

Muuzaji alikuwa mtu wa haya, wa aina ile inayosubiri mteja aondoke ndipo ipate jibu la kumpa. Miaka kumi na minane dukani ilikuwa imempa maneno machache tu ya kazi, na hayo aliyasema bila kukwama: unalalia upande gani, mnalala wangapi, ukutani anakaa nani. Hakuwauliza watu wakiwa wamesimama. Mtu akisimama hujisifu, hakoromi, hageukigeuki, analala kama askari wa gwaride. Mlaze dakika kumi, mgongo ukilegea, ulimi nao unalegea.

"Naomba nipitishe mkono chini ya kiuno," alisema huku akiangalia dari. "Ni kipimo chetu. Mkono ukipita bure, godoro ni gumu mno. Ukigoma, ni laini mno."

"Pitisha, kaka. Ila usipotelee huko."

Mkono ulipita kwa shida kidogo, kama inavyotakiwa. Masikio ya muuzaji yaliwaka moto hadi saa ya kufunga.

Yule mama alikuwa akishona majoho ya kwaya za makanisa matatu, na kuinamia cherehani kulikuwa kumemmaliza mgongo. Godoro lake la nyumbani lilikuwa na shimo upande wa mumewe.

"Miaka sita yuko kwa Bwana," alisema, "lakini shimo kaniachia mimi. Kila nikisinzia naviringika humo."

Alirudi mara nne bila kununua. Mara ya nne akatoa siri: hakujua achukue la mtu mmoja au la wawili. Kwenye mtandao wa wachumba wa Kikristo alikuwa amepata mtu. Mgane wa miaka minne, hana mtoto, mzee wa kanisa. Miezi mitatu sasa, kila alfajiri mstari wa Biblia unaingia kwenye simu kabla jogoo hajajikohoza.

"Mmeonana kwa video?"

"Kamera yake imekufa."

"Mchungaji wake je?"

"Alinipa namba, nikapiga. Mchungaji akamsifu mpaka nikaona haya mimi. Ila wote wawili wana kikohozi kimoja. Nikajisemea, labda kanisa lao lina vumbi."

Fundi akaendelea, uso umechangamka kama msichana. Jumapili mtu wake alitaka jibu, watangazwe kanisani. Kabla ya hapo lazima amwone. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwake alikuwa amempa masharti: mkutane mchana, mahali penye watu, asijue unapokaa, na mtu wa tatu awepo.

"Mtu wa tatu ni wewe," alisema.

"Mimi?"

"Huongei. Utakuwa shahidi mzuri."

Jumamosi saa nne asubuhi mzee wa kanisa akaingia. Suti, viatu vinang'aa, Biblia kubwa kama tofali kwapani. "Bwana asifiwe!" alisalimu, akakohoa. Alimwita fundi malkia wa maombi yake, akamwita muuzaji mtumishi, na lile godoro la futi sita kwa sita akaliita baraka kabla hajaligusa.

"Basi lijaribu, mzee," fundi alisema. "Si litakuwa letu?"

Yule bwana akavua viatu, akalala. Hapo muuzaji akaganda. Mgane wa miaka minne hutandaa. Mkono mmoja mashariki, mguu magharibi, kitanda chote chake. Huyu alijisogeza mwenyewe hadi ukingoni kabisa, akalala ubavu, akakunja magoti na kubana kiwiko. Futi sita zote, yeye akachukua moja na nusu.

Muuzaji akamtazama fundi. Alikuwa akitabasamu, anampima yule bwana mabega kwa macho. Kesho yake tu angesema ndiyo mbele ya kwaya tatu. Muuzaji alifungua mdomo amwambie, sauti ikagoma. Akachuchumaa kando ya godoro, akasubiri pumzi za mgeni zianze kuwa nzito, kisha akajishika kwenye maneno pekee yasiyomtupa.

"Unalalia upande gani, mzee?"

"Huuhuu."

"Mnalala wangapi?"

"Wanne," mzee alijibu, macho kafumba.

"Ukutani anakaa nani?"

"Mdogo. Halafu mama yake. Halafu yule wa mateke." Akajipapasa shavu, akashusha pumzi. "Na nailoni usiitoe. Mdogo bado anakojoa."

Jicho moja la mzee likafunguka, likafuatwa na la pili.

"Mzee," fundi aliuliza polepole, "hao watoto uliwasahau kwenye wasifu wako?"

"Malkia, huo ulikuwa mfano tu."

"Na marehemu bado analala katikati?"

Mzee akainuka, anatafuta kiatu kwa mguu. "Ni Ibilisi huyu, anataka kutuvuruga."

"Muache Ibilisi wa watu. Atalala wapi humo? Mmejaa."

Alitoka na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, anakohoa mpaka kona ya barabara.

Fundi akakaa ukingoni. Kicheko kilichokuwa kimemjia hakikufika. "Miezi mitatu, kaka. Kila alfajiri." Muuzaji akamletea maji, akasimama tu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

"Ulijua?"

"Alipolala pembeni."

"Mbona hukusema?"

"Niliuliza."

Fundi akavua viatu, akapanda katikati ya lile la sita kwa sita, akanyoosha mikono na miguu mpaka soksi zikaning'inia. Hakuguswa kiuno, hakuulizwa lolote. Baada ya dakika kumi akasema linamfaa, lifungwe.

Vijana wa mkokoteni walilibeba, naye akalifuata nyuma kama anasindikiza bibi harusi. Hajafika mbali, simu yake ikalia: ujumbe kutoka ule mtandao wa wachumba. Akaisoma, akarudi hadi mlangoni na kuchungulia ndani.

"Jumamosi ijayo nakuletea mwingine, kaka. Huyu anasema ni shemasi. Mtandikie lile laini kabisa, aseme upesi."