Kioo cha Dukani Juu ya Paa la Skuli

Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita, na kila mstari ulinitia moto. Ati ndugu yangu Ziad, mwalimu wa sayansi, amepandisha kioo juu ya paa la skuli awachungulie wake za watu uani kwao. Ziad! Mwanamume ambaye akipishana na mwanamke kichochoroni hutazama viatu vyake. Mwandishi wa barua ni Bwana Ghassan, jirani wa skuli, mwenye maghala Shimanzi. Alitaka kamati ya wazazi imfukuze Ziad kabla ya Ijumaa.

Mimi ni Afaf, nauza leso Biashara Street, na kioo kile ni changu. Wateja walikuwa wakijitazamia dukani, nikampa Ziad kwa mikono yangu miwili. Kwa hiyo anayemtukana Ziad kwa kioo kile amenitukana na mimi.

Na kilipandishwa kwa nini? Skuli ni nyumba ya kale, huku huku Mji wa Kale, na darasa la Ziad lina dirisha moja tu. Mwaka juzi Bwana Ghassan akainua ghorofa tano, ukuta mtupu, hatua mbili kutoka dirisha lile. Tangu hapo darasa likawa giza. Umeme nao leo upo, kesho haupo. Watoto wa gredi ya tano walisoma vitabu vikiwagusa pua.

Ziad hakugombana na mtu. Ingekuwa mimi! Yeye aliwapa watoto mpira wauviringishe ukutani, wachore kwa chaki unavyokwenda na unavyorudi, mpaka wakaona wenyewe kuwa ukigonga kwa mshazari, hurudi kwa mshazari ule ule. Kisha akawapa vipande vya vioo wacheze na jua barazani. Halafu akawauliza, "Haya, jua hili tutalifikishaje darasani?" Binti mmoja, Haifa, ndiye aliyechora jibu: kioo kikubwa juu ya paa, kingine dirishani, na kamba ya kukigeuzia cha juu bila ya mtu kupanda. Siku mwanga ulipopiga dari la darasa, watoto walipiga kelele nikawasikia toka barabarani.

Bwana Ghassan alikuwa uani kwake, akainua macho, akakiona kioo. Kwa kuwa yeye alikiona, akadhani nacho kinamuona. Mtu mzima na ndevu zake!

Alhamisi asubuhi kamati ikakutana mle mle darasani, Bwana Ghassan naye yupo na barua yake mkononi. Sikualikwa, nikaenda. Ziad aliinamisha kichwa kama mwizi, mori ukanipanda. Mwalimu mkuu, Bi Mapenzi, akamwambia ajitetee.

"Kiooni, njia unayomwonea mtu ndiyo anayokuonea na wewe," Ziad akasema polepole. "Aliye uani akiliona dirisha letu ndani ya kioo, nasi twamuona. Asipoliona, hatumuoni. Watoto wangu wote walijua hili."

"Basi aende mtu akatazame," akasema Bi Mapenzi.

Wanaume wa kamati wakatazamana. Nani ataingia ua wa watu? Nikasimama mimi. Nikapiga hodi kwa Bi Duha, mkewe Ghassan. "Karibu, Afaf. Mbona umefura hivyo?" Nikamweleza, tukauzunguka ua pamoja, kwenye kamba ya nguo, penye tangi la maji, chini ya ngazi, kila pembe. Kisha akavaa buibui, akaja nami mpaka mlangoni pa darasa.

"Baba Zein," akamwambia mumewe mbele ya watu, "nimetazama kila mahali. Ndani ya kioo naona mawingu na ukuta wetu. Dirisha silioni."

Ungedhani angeona haya. Wapi! "Hata hivyo," akasema, "barua nimeshaiandika."

Hapo uvumilivu ulinishinda. Nilivua leso yangu ya mabegani, nikakifunika kioo cha dirishani. Darasa likawa giza.

"Haya, tusomee hiyo barua yako."

Akaisogeza karibu, akaiweka mbali. Akainuka aende mlangoni.

"La! Kaa hapo hapo kwenye dawati la Haifa, usome kama asomavyo yeye."

Akatoa simu amulike.

"Watoto hawana simu, Bwana Ghassan."

Akaketi, barua ikimgusa pua, asiweze kuusoma hata mstari mmoja.

"Yaani ni ukuta wetu uliofanya hivi?" akauliza Bi Duha.

"Mwalimu Ziad anabaki," akasema Bi Mapenzi. Bwana Ghassan radhi hajaomba mpaka leo, nami sijamsamehe. Lakini Ziad alipoiondoa leso, mwanga ulimpiga Bwana Ghassan usoni, barua imemkunjika mkononi. Na Haifa, aliyekuwa akingoja nje na wenzake, akaingia na vitabu vyake, akasimama mbele yake kwa adabu zote.

"Samahani, ami, hapo ni pangu. Tuna somo."