Sura ya Tatu Ilikuwa kwa Lázaro

Saa moja na nusu asubuhi, mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, Hafsa Buanali ameshaharibu karatasi sita. Anatoa kopi ya kitambulisho cha mzee mmoja mwenye kofia, na kila inayotoka imekaa upande. Sura ya mzee inakatika kidevuni, mara puani.

"Leo mwalimu hayupo," mzee anasema taratibu. "Hapa umebaki mwili tu."

Hafsa anacheka, anaomba radhi, anafungua tena mfuniko wa mashine. Lakini macho yake hayapo kwenye mashine. Yapo kwenye redio ya upepo, ya kuitana, iliyolala juu ya kaunta, kando ya chupa ya wino, antena yake imefungwa kwa gundi ya karatasi.

Kilomita tatu kutoka hapo, kwenye geti la kampuni moja ya usafirishaji, saa mbili itabandikwa orodha ya waliofaulu mtihani wa waendesha redio. Wanafunzi wake kumi na mmoja waliufanya. Wote wako getini tangu alfajiri, na mmoja wao, Olinda, ana redio ya pili mkononi.

"Simu nimewakataza," anasema Hafsa. "Nimewafundisha redio, basi habari waniletee kwa redio. Na mtandao wa hapa unaujua mwenyewe, unakuja ukipenda."

Hafsa ana miaka arobaini na mmoja. Kazi inayomlisha ni kopi, meticais tano kwa ukurasa. Siku njema anapata mia sita, na nusu yake inarudi kwenye wino na petroli ya jenereta. Mwendesha redio anayeajiriwa leo analipwa elfu kumi na nane kwa mwezi, fedha ambazo yeye hazioni hata kwa miezi miwili. Usidhani anawaonea wivu. Anawahesabia mishahara yao kana kwamba ni yake.

Watu wa Palma hawamjui kwa kopi. Wanamjua kwa "karatasi za Hafsa": kurasa sitini na nne za masomo, alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe katika safu tatu. Kushoto Kiswahili, katikati Kireno, kulia Kiingereza. Sura ya kwanza ni kompyuta, ya pili ni Kiingereza cha kazini, ya tatu ni mawasiliano ya redio.

Kiingereza alikipata Mtwara, alikolelewa na shangazi yake mpaka kidato cha pili. Kompyuta aliijua kwa kuiharibu na kuitengeneza. Redio alifundishwa na fundi mitambo kutoka Beira, aliyepanga chumba kwa mama yake kwa miaka miwili, kisha akahama na namba yake ikafa.

"Hapa mtu anafikiri kwa Kiswahili, anasoma shule kwa Kireno, na mtihani wa kazi unakuja kwa Kiingereza," anasema. "Kitu anakijua, ila anakijua kwa lugha asiyoulizwa. Ndiyo maana nikaziweka lugha zote tatu kwenye mstari mmoja."

Namna yake ya kufundisha ndiyo iliyowachekesha watu. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, wa Kurani. Kwake mtoto hakupewa somo jipya mpaka asome la jana pasipo kutazama ubao. Hafsa akaichukua sheria hiyo nzima nzima. Wanafunzi wake walikaa kwenye mikeka nyuma ya kibanda, wakisoma kwa sauti huku wakiyumba mbele na nyuma, na hakuna aliyeshika ukurasa wa kumi kabla wa tisa haujakaa kichwani. Wapita njia wakasema kwa Hafsa wanasoma dua ya kompyuta.

Mwaka 2020 akaja darasani kijana anaitwa Lázaro, Mmakonde wa bara, ambaye familia yake ilikuwa imekimbia vita kijijini kwao. Hakuwahi kukaa kwenye mkeka wa chuo, wala kuyumba hakujua. Siku moja, darasa likiwa bado ukurasa wa thelathini, Hafsa akalifungua daftari lake akakuta amenakili kutoka kwenye faili la rafuni sura ya tatu yote, kurasa ishirini na nne, mpaka nukta ya mwisho.

"Nilimwona hana adabu," anasema. "Nikamuuliza mbele ya wenzake, wewe unakimbilia wapi? Hakunijibu. Na mimi sikungoja anijibu. Nikamwambia chukua daftari lako uende."

Lázaro alichukua daftari akaenda.

Machi 2021 vita viliufikia mji wenyewe, watu wakakimbia. Hafsa alitoka na mama yake, watoto wawili na mfuko wa nguo. Faili la bluu lenye kurasa sitini na nne lilibaki kwenye rafu. Alikaa Pemba karibu miaka miwili, akifua nguo za watu. Aliporudi, kibanda hakikuwa na paa, panya walikuwa wamezaliana ndani ya mashine, na kwenye rafu mchwa walikuwa wamefanya kazi yao. Faili lilibaki gamba tu.

Alikaa kama wiki nzima hataki kuonana na mtu. Kisha siku moja akaenda sokoni, akamkuta Awa, mwanafunzi wake wa zamani, akikaanga maandazi.

"Awa, mwanangu, ukurasa wa kwanza unaukumbuka?"

Awa hakusita. Mwiko ukiwa kwenye mafuta, akaanza: "Kompyuta haina akili, ina utii. Ukiiamuru vibaya, itakutii vibaya." Akaendelea hivyo kurasa kumi na moja, akigeuza maandazi, akirudisha chenji, bila kuruka neno. Hafsa aliyaandika yote kwenye karatasi za kufungia maandazi.

"Nililia pale pale sokoni," anasema, "na sikuona haya."

Kila mwanafunzi aliyerejea mjini akaitwa. Mmoja akikwama, mwingine anaokota. Baada ya miezi minne kurasa arobaini zilikuwa zimerudi, safu zote tatu, na waliozicheka zile dua za kompyuta wakawa wanaleta watoto wao. Hafsa akanunua mashine kuukuu, akatandika mikeka upya.

Sura ya tatu haikurudi. Hakuna aliyekuwa nayo kichwani, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuifikia. "Sheria yangu iliniokolea kurasa arobaini," anasema Hafsa, "na sheria hiyo hiyo ikanipotezea ishirini na nne."

Aliianza upya mara tatu, akakwama. Mara ya kwanza ilimchukua miaka miwili, fundi yupo chumba cha pili, swali likimjia anagonga mlango. Safari hii mlango wa kugonga haukuwepo. Ndipo kampuni ikatangaza mtihani, wiki tatu mbele. Nusu ya alama zilikuwa za redio. Kumi na mmoja walikuwa wanaingia kwenye mtihani ule na nusu ya elimu, na mwalimu wao alijua vizuri nusu ya pili iko kwa nani.

Lázaro alipatikana Mocímboa da Praia, bandarini, akiita vyombo vya mizigo vije kupakuliwa kimoja kimoja. Hafsa alimkuta amesimama kando ya rundo la saruji, redio kiunoni, ametanuka mabega. Maneno ya kumwambia alikuwa ameyafanyia mazoezi siku tatu.

"Shikamoo, profesora," Lázaro akawahi.

"Marahaba. Lázaro, nimekuja kuomba."

"Najua. Awa alinipigia."

"Daftari lipo?"

"Lipo. Ila silitoi bado. Kwanza unisikilize."

Akajiweka sawa mbele yake, mikono nyuma, kama anavyosimama mtoto wa chuo, yeye ambaye chuo hakukijua. Akaanza kusoma sura ya tatu, kwa kichwa.

"Kabla ya kusema, sikiliza, huenda mwenzako yuko hewani. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikika. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme."

Hafsa anasimulia hayo akiwa ameinamisha uso. "Maneno yangu mwenyewe. Niliyaandika kwa mkono huu. Niliona aibu mpaka ikashuka miguuni."

Usomaji ule ulichukua karibu saa nzima. Redio ilipoita, Lázaro alijibu, akapanga chombo, akarudi palepale alipoachia. Wapakuzi walipita na saruji mabegani wakimtazama bosi wao anavyomsomea mama wa watu. Alipofika nukta ya mwisho alisubiri, na Hafsa akamwambia neno ambalo baba yake aliwaambia waliomaliza.

"Umehitimu, Lázaro."

Kijana akageukia upande wa maji. Hapo ndipo Hafsa aliporudia swali lake la zamani, safari hii kwa kutaka jibu: siku ile alikuwa anakimbilia wapi.

"Kijijini tulitoka na kilichokuwa mkononi tu," Lázaro akamwambia. "Vyeti vyangu vya shule vilibaki ndani. Nikajiapia, kitu kizuri nikikiona nakinakili chote siku hiyo hiyo. Hujui kesho utalala wapi."

"Mwaka ule mimi nilikuwa sijakimbia kitu," anasema Hafsa. "Nilidhani kesho ni yangu. Sasa namwelewa, lakini nimemwelewa kwa kuchelewa."

Daftari lilitoka ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mwaka 2021 Lázaro alilibeba chini ya shati, kifuani, mpaka alipofika salama. Jasho lilikuwa limekula kona za kurasa, lakini hakuna mstari uliokosekana.

Hafsa alirudi Palma nalo, akatoa kopi usiku kucha na kesho yake akafanya jambo ambalo baba yake asingelifanya. Aliwapa wanafunzi wote kurasa ishirini na nne kwa mpigo mmoja. Kila mtu aanzie anapoweza. Siku zote zilizobaki nyuma ya kibanda kile palikuwa na kelele za Alfa, Bravo, Charli, Delta, majina ya herufi kwenye redio, mwenye kuyumba ayumbe, mwenye kuandika aandike.

Sasa ni saa mbili na dakika kumi. Redio juu ya kaunta inakwaruza.

"Kituo Hafsa, Kituo Hafsa, hapa Olinda. Unanipata? Ova."

Hafsa anaikwapua, anabonyeza, anahesabu moja. "Olinda, nakupata. Sema. Ova."

Olinda anasoma majina kwa utaratibu, kila jina mara mbili. La kwanza. La pili. Kwenye la nne sauti inamtetemeka, anaikaza. Wateja wamejaa mlangoni, muuza samaki ameweka beseni lake chini. Kidole gumba cha Hafsa kiko juu ya kitufe, lakini hakibonyezi. Akibonyeza atamkata. Jina la saba. La nane. La tisa.

Hafsa anasogeza sikio redioni.

"Jina la kumi," inasema redio, na sasa sauti ni ya mtu anayelia bila kuacha utaratibu. "Oska, Lima, India, Novemba, Delta, Alfa. Narudia. Oska, Lima, India, Novemba, Delta, Alfa. Ova."

"Ndiyo nini hiyo?" anauliza mzee mwenye kofia.

"Ndiyo Olinda," anasema Hafsa. "Amejitaja mwenyewe." Machozi yamefika kidevuni na hayafuti.

Redio inakwaruza tena, sauti nyingine. "Kituo Hafsa, hapa Dauto. Mimi simo. Ni Kiingereza kimenikwaza. Jumatatu nakuja, niwekee nafasi mkekani. Ova."

Hafsa anabonyeza. Anahesabu moja, mbili, tatu.

"Nimepokea yote. Dauto, nafasi yako ipo, na safari ijayo jina lako litasomwa. Wote kumi na mmoja, njooni nyumbani, nawapikia pilau. Ova."

Kibandani watu wanapiga vigelegele. Mzee mwenye kofia anapata kopi yake, imenyooka, na Hafsa anakataa fedha.

Mpango wake sasa ni kuzichapa kurasa sitini na nne ziwe kitabu, nakala mia za kwanza, zigawanywe Palma, Mocímboa da Praia na Quiterajo, ili zisikae tena kwenye rafu moja. Mwanzoni mwa sura ya tatu patakuwa na mstari usemao: Imehifadhiwa na Lázaro. Mwenyewe amekubali kuja mwezi ujao kuifundisha.

Darasa jipya linaanza Jumatatu, watu ishirini na sita pamoja na Dauto. Kusoma kwa sauti kutakuwepo, anasema, na kuyumba kutakuwepo. Lile somo moja moja ndilo limekwisha.

"Anayetaka kutangulia, atangulie," anasema, akiirudisha redio kwenye chaji. "Nitamuuliza anakimbilia wapi. Halafu nitanyamaza anijibu."