Vifuniko Sita vya Mkongo

Bibi hakuzipenda swichi za nyumba yake mpya tangu siku fundi umeme alipozifunga. Alisema zimekaa ukutani kama meno ya bandia. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na sebule, huko Mtawanya. Watoto wake walimjengea walipomtoa visiwani, kwenye delta, alikoishi tangu aolewe. Alikuja na kinu chake, kuku wanne, na mtumbwi wa marehemu babu. Mtumbwi ulikuwa umeoza hata mjomba wangu, mwanawe, akacheka ulipoteremshwa kutoka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja kabla, shahada ya ugavi, na nilikuwa nakaa kwa mjomba huyohuyo, mwenye karakana ya vitanda kando ya barabara pale Kibiti. Kila asubuhi nilituma maombi ya kazi kwa simu, kisha nikashinda nikijiuliza kama nimeambatisha cheti sahihi. Ili mikono isikae bure, nilianza kuchukua vipande vinavyobaki kwenye mbao za vitanda na kuvichonga viwe vifuniko vya kuzunguka swichi na soketi, vyenye maua ya mkorosho au masuke ya mpunga. Watu wakavipenda. Mjomba akavitundika mbele ya karakana na kuwaambia wateja, "Vifuniko hivi kachonga msomi, usiulize kwa nini."

Siku moja bibi akaja, akavitazama kimoja kimoja, akaketi juu ya kitanda kisichopigwa msasa.

"Mke mwenza."

"Abee."

Huniita hivyo tangu nikiwa mtoto, kama mabibi wengi wa kwetu, kwa madai kwamba sote wawili tumeolewa na babu.

"Nichongee na mimi. Lakini sitaki mbao za watu. Nichongee mume wetu."

Alimaanisha mtumbwi. Mjomba aliukagua kwa ncha ya patasi, akakuta ubavu mmoja tu ndio mzima, mbao ya mti wa mkongo, nyekundu, iliyokomaa. Akaukata, akauranda, akapima. Vilitoka vipande sita, na nyumba ya bibi ina swichi na soketi sita. "Ukiharibu kimoja hakuna pengine pa kukata," akaniambia. Kilichobaki cha mtumbwi kilikuwa ungaunga.

Baada ya maneno hayo sikulala vizuri. Nilimpigia fundi umeme mara tatu kumuuliza kama mbao inaweza kushika moto, na mara ya tatu alipokea akisema, "Dada, haigusi waya, inazunguka plastiki tu, kama nilivyokwambia jana." Nilipima kila swichi mara mbili, nikarudi Mtawanya kupima tena kwa sababu nilihisi futi imepinda. Bibi alinikaribisha chai na kuniuliza kama kuta zimesogea.

Kuchonga kwenyewe kulinituliza. Bibi alitaka vitu vya kwao: kaa, kamba, mizizi ya mikoko, ndege mla samaki. Mkongo ni mgumu, unakataa haraka, na nikishika patasi nilikuwa sina nafasi ya kuwaza kazi wala cheti. Nilipomaliza nilivipaka vanishi mara mbili, nikaenda kuvifunga. Bibi alivipapasa vyote. Kwenye kaa wa sebuleni alisimama muda, kiganja kikiwa juu yake.

Masika yalipoanza, akanipigia simu.

"Mke mwenza, mume wetu anatoka jasho."

Nilichukua bodaboda. Njia nzima niliona nyumba ikiungua, na bibi amenaswa na umeme. Nilipofika nilizima swichi kubwa kabla hata ya kutoa salamu, nikasimama mbali na ukuta, kandambili miguuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeshazima, sasa unaogopa nini? Rangi ya ukuta?"

Ilikuwa kweli. Vanishi imefura malengelenge, na palipopasuka mbao ilikuwa imelowa, ina weupe kama unga pembezoni. Nilianza kueleza kwa haraka kuhusu unyevu, kuhusu fundi, kuhusu uwezekano wa paa kuvuja. Bibi alisogea hadi kwa kaa, akachovya kidole kwenye ule weupe, akaonja.

"Chumvi," akasema.

Ule mtumbwi umeishi mdomoni mwa mto maisha yake yote, bahari inaingia na kutoka. Akanieleza kwamba visiwani, mtu akitaka kufanya mlango au kigoda kwa mbao za chombo kilichochoka, kwanza huzipeleka juu mtoni, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, akazizamisha huko hadi zitoe chumvi yote. Asipofanya hivyo, mvua ikija mbao zinavuta maji.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza? Uliniuliza umeme, umeme, umeme. Nikajua mbao unazijua, msomi."

Mjomba naye hakujua. Aliondoka visiwani mdogo sana, na mbao zake zote ni za bara. Aliposikia tunataka kuviloweka, alikunja uso. Alisema vifuniko vyembamba vilivyokwisha kuchongwa vikilowekwa kisha vikauke, vitapasuka. Bibi akasema visipolowekwa vitaoza ukutani. Wote wawili walinitazama, nami ndiye niliyekuwa na bisibisi mkononi.

Nikavifungua. Niliikwangua vanishi kwa kipande cha kioo, polepole, nikaogopa kila mkwaruzo unaopita juu ya miguu ya kaa. Tukavilaza kwenye beseni la maji ya mvua na kuvigandamiza kwa jiwe. Nilihamia kwa bibi. Kila asubuhi alichovya kidole, akaonja, akatema nje ya mlango. "Bado." Tunamwaga, tunajaza. Nilimuuliza tutajuaje kwa hakika, akasema tutajua asipotema.

Siku alipoonja akameza, nilitaka kuvitoa juani. Akanizuia. Alinipa gunia la pumba za mpunga, tukavifukia humo vikauke pole pole. Nilikatazwa kuchungulia. Nilichungulia mara moja, akanikuta mkono umo hadi kwenye kiwiko, akacheka hadi akaketi chini.

Siku ya kuvitoa, mjomba alikuja. Alisema anapita tu. Nilivitoa kimoja kimoja, nikavipangusa: ndege mzima, mizizi mizima, kamba mzima. Cha nne na cha tano pia. Cha sita kilikuwa kaa, na alikuwa amepasuka toka ukingoni hadi kwenye gamba.

Nilianza kuomba radhi. Ningeweza kuvitoa mapema, ningeweza kuchagua mchoro mwingine, nilipunguza mno mbao pale kwenye gamba. Mjomba alikichukua, akakipindua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mzee angefanyaje?" akamuuliza mama yake.

"Angepiga bati. Mtumbwi wake wote ulikuwa viraka, wewe umesahau?"

Tukakata bati la kopo la maziwa, ukanda mwembamba kama kidole. Mjomba alitoboa matundu, mimi nikagonga misumari midogo, mitano. Ufa ukafungana. Hatukupaka vanishi, nilivisugua vyote kwa nta ya nyuki hadi vikang'aa kidogo.

Tulipovifunga tena nilipapasa ukuta, nikakaza parafujo, nikazilegeza robo mzunguko, nikazikaza tena. Mvua ilikuwa inanyesha. Bibi alisogea, akaweka kidole juu ya bati, akalifuata hadi mwisho wake, kisha akabonyeza swichi. Taa ikawaka mchana kweupe.

"Huyu ndiye mume wetu mwenyewe," akasema, na akaenda chumbani kuijaribu swichi ya huko.